Kitandiko cha Sule

Kunguni wa Arua hawakuwa na adabu. Kunguni wa kwingine hungoja taa izimwe, lakini wale wa chumba cha Soka, fundi seremala wa upande wa Ayivu, walitembea ukutani mchana kweupe kama wenye nyumba, na wapangaji ndio waliosogea. Madina, mke wa Soka, alikuwa amewamwagia maji ya moto na mafuta ya taa, akawafukizia moshi wa pilipili mpaka majirani wakapiga chafya. Walikufa wachache, wakazaliwa wengi.

Angevumilia kama si Sule. Sule alikuwa na miezi minne, mnene, mwepesi wa kucheka, na kila asubuhi aliamka na vipele vyekundu shingoni. Tena kulikuwa na jambo jingine ambalo Madina hakulitaja kwa mtu. Mtoto wake wa kwanza alifia kitandani kwake, kule Sudani walikokimbilia wakati wa vita. Asubuhi moja alimkuta ubavuni mwake, amekuwa baridi. Hakuna aliyejua kilichomuua, isipokuwa mama mkwe wake, ambaye alijua kila kitu. Mbele ya wanawake waliokuja kulia, mama mkwe alisema Madina hulala kama gogo, na kwamba amemlalia mtoto. Neno lile lilimwingia Madina likakaa. Kwa hiyo Sule, aliapa, hatalala kitanda kimoja na mtu yeyote, hataumwa na mdudu yeyote, na hatakufa.

Soka akamtengenezea mtoto kitanda. Alitumia mabaki ya mbao za mvule, akapiga randa vijiti vya pembeni hadi vikawa laini, akavipanga karibu karibu ili kichwa kisipite. Watu wa mtaa walikuja kukitazama na kucheka. Nani amewahi kuona mtoto wa miezi minne na kitanda chake peke yake, kama mkuu wa wilaya? Godoro likawa kipande cha sponji alichopewa Soka na rafiki yake muuza magodoro. Kilichobaki kilikuwa kitandiko cha kuikinga sponji, maana sponji hunywa mkojo wote, na ikishalowa hainukii vizuri tena, na kunguni huipenda hivyo hivyo.

Hapo ndipo Madina alipokuwa mgumu wa kuridhika. Soka alileta kipande cha turubai la plastiki, lile la wakimbizi. Madina akamlaza Sule juu yake alasiri moja; mtoto akalowa jasho mgongo mzima, akajigeuza kifudifudi, na plastiki ikamganda puani. Turubai lilitupwa uani kabla Soka hajamaliza kulisifu. Mpira mwekundu, ule unaotandikwa kwenye vitanda vya wodi ya wazazi hospitalini, ulikuwa ukiuzwa sokoni kwa kificho, na Madina hakutaka mwanawe alalie kitu cha wizi. Mama mkwe, ambaye wote walimwita Haboba, yaani bibi, alituma kutoka kijijini kwake, Koboko, ngozi ya mbuzi aliyoilalia Soka mwenyewe alipokuwa mchanga. Ngozi ilifika na viroboto wake. Madina alishukuru sana, akaianika juani, na haikuingia ndani tena. Habari ya ngozi kulala nje ilifika Koboko kabla ya shukrani.

Ndipo akakumbuka gunia.

Lilikuwa chini ya sanduku la nguo, limekunjwa. Mwaka waliporudi kutoka Sudani, mikono mitupu, watu wa msaada waliwagawia mbegu za mahindi kule Koboko, mbegu za rangi ya waridi kama zimepakwa rangi ya kucha. Bwana mmoja alipanda juu ya lori akawaambia kwamba mbegu zile zimetiwa dawa ya wadudu, kwamba si chakula hata kama wana njaa, na kwamba wakishapanda wanawe mikono. Wengine waliziosha wakapika, wakatapika siku mbili. Madina hakula hata moja. Alikuwa mtu wa kusikia neno. Alipanda zote, akanawa kwa sabuni, na gunia lilipobaki tupu akalihifadhi, kwa sababu lilikuwa gunia zuri la pamba, zito, lililoshonwa sawasawa. Bwana yule alikuwa amezungumza juu ya mbegu. Juu ya gunia hakusema kitu, au kama alisema, wenye kusukumana mbele ndio waliosikia.

Sasa akalifungua. Mchwa walikuwa wamekula mkeka uliokuwa chini yake, wakala na kona ya sanduku, lakini gunia halikuwa na tundu hata moja. Alipolikung'uta walianguka kunguni sita, wote wakavu. Madina aliketi sakafuni akacheka peke yake kwa furaha. Alikuwa ametafuta miezi mitatu kitu ambacho wadudu hawakiwezi, kumbe yeye mwenyewe amekiwekea sanduku juu.

Alilifua mara moja tu. Maji yakatoka ya waridi, naye akaacha kusugua, akiogopa kwamba likifuliwa sana litaisha nguvu. Na hapa ndipo mtu angetamani kumshika mkono. Alijua vizuri kwamba kilichoua kunguni ni ile dawa ya mbegu. Ila aliona kwamba adui wa kunguni ni rafiki wa mtoto, na hakuna aliyekuwapo wa kumwambia vingine.

Akalikata. Kipande kikubwa alikishona kikawa mfuko wa sponji, wenye kamba nne za kufungia pembeni ili usikunjamane chini ya mtoto, na kipande kidogo akakiweka akiba. Hakuweka mto, hakuweka blanketi la kumziba pua. Mama wa uangalifu kuliko huyu angetafutwa sana. Asubuhi ya kwanza Sule aliamka bila kipele, na Madina akamzungusha mtaa mzima kuonyesha shingo yake.

Wiki ya tatu Sule alianza kukataa titi. Akawa mtu wa kushtuka. Mlango ukigongwa, mikono yote miwili huruka juu. Madina akasema ni meno. Wiki ya tano, adhuhuri, kitanda kimelowa na joto limekaza, macho ya mtoto yaligeuka, mwili ukakakamaa, povu likamtoka. Soka alimkimbiza hospitali kwa baiskeli, na Madina alikimbia nyuma kwa miguu njia nzima. Damu ilionyesha malaria kidogo, kama damu ya kila mtoto wa Arua, akapigwa sindano za kwinini. Siku tano wodini alikuwa mzima kabisa, anawachekea manesi. Wakamrudisha nyumbani, wakamlaza kitandani mwake. Siku ya tisa degedege ikarudi.

Madina akazidisha ulinzi. Alikataa watu kumbeba mtoto, asije akaguswa na jicho baya. Alimlaza kitandani saa nyingi zaidi, apumzike. Jua lilipowaka alimvua nguo, akamlaza tumbo wazi juu ya kile kitambaa kizito ili apate ubaridi. Sule akapenda kunyonya kona ya kitandiko, na mama yake akamwacha, kwa sababu titi alishalikataa na angalau kuna kitu alichokubali kutia mdomoni. Hofu ilimkondesha Madina kuliko ugonjwa ulivyomkondesha mtoto. Degedege ya tatu ilikuwa ndefu kuliko mbili za kwanza.

Haboba akaja na lori kutoka Koboko. Alipofika hakuketi, hakunywa chai. Alimtazama mjukuu wake, akakitazama kitanda chenye vijiti, kisha akasema yale aliyokuja nayo.

"Mtoto ya kwanza ilikufa kwa mkono yako. Hii ya pili iko naenda njia hiyo hiyo. Mimi nabeba yeye Koboko."

Soka alianza kusema kitu. Mama yake akamkatiza kwamba kikulacho ki nguoni mwako. Madina angepigana, na mtaa mzima ulimtazamia apigane. Lakini moyoni alijiuliza: je, kama mama huyu anasema kweli? Mtoto alipona mikononi mwa manesi, akaugua kila aliporudi kwake. Hilo hata yeye aliliona. Akakubali, na hajawahi kufanya jambo lililomuuma vile. Aliomba kitu kimoja tu, kwamba Sule aende na kitanda chake na kitandiko chake, kwa sababu hata Koboko kuna kunguni. Alizifunga zile kamba nne kwa mkono wake mwenyewe, akazikaza. Haboba aliguna tu.

Salamu zilizoletwa na madereva zilikuwa nzuri. Mtoto anakula uji, analala, hajashtuka. Madina alizipokea kwa furaha, na furaha hiyo ilimchoma, kwa sababu kila salamu njema ilikuwa ushahidi juu yake. Majirani walimsalimu wakitazama pembeni. Maziwa yakamkauka.

Siku ya kumi na tatu alikuja Viktoria, nesi mwenye umri, mpangaji mpya wa chumba cha pili, kuomba maji ya moto ya kumwagia kunguni. Madina hakuwahi kuwa mchoyo. Akamtolea kile kipande cha akiba, akamwambia maji hayasaidii, atandike hiki. Viktoria alikinusa. Akakimwagia maji kidogo ya birika, akakikamua juu ya sakafu ya saruji, na wote wawili wakayatazama yale maji ya waridi. Aliuliza gunia lilibeba nini. Aliuliza kama mtoto alilala juu yake, na kwa muda gani. Madina akajibu yote, sauti ikipungua. Viktoria alikiweka kitambaa chini taratibu, akanawa mikono hadi kwenye viwiko, ndipo akasema.

"Dada, hii sumu inapita kwa ngozi. Mtoto ikimwingia, inamtingisha kama degedege. Toa yeye juu ya hii kitu leo. Hata kesho iko mbali."

Madina alipata pikapu iliyobeba samaki wakavu kwenda Koboko, akaketi juu ya magunia, mikono ameikunja asiyaguse. Salamu njema hakuziamini tena. Nani humpa dereva salamu mbaya? Alihesabu siku kumi na tatu za mwanawe juu ya kitambaa kile, akilowa na kukauka, akinyonya kona. Alimwomba Mungu amkute anapumua tu. Mengine yote, lawama, jina baya, hata kumkosa Sule akalelewa na Haboba mpaka aoe, aliyakubali yote njiani.

Alimkuta Sule uani juu ya mkeka, ameketi bila kushikwa, mnene tena, anapiga sufuria kwa mwiko.

Madina alimnyakua. Alimnusa kichwani, akamtazama macho, akapiga makofi karibu na sikio lake, na mtoto akacheka akitaka apigiwe tena. Hapo ndipo alipolia, kwa sauti, mpaka Haboba akatoka jikoni na unga mikononi. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake mama yule alimwonea mkwewe huruma. Madina akauliza kitandiko kiko wapi. Haboba akajibu kwamba alikivua siku ile ile ya kwanza, na kwamba kitanda kiko ndani, kimetandikwa vitenge vyake vya zamani.

"Gunia iko kitu ya jiko," alisema. "Mtoto gani analala juu ya gunia, kama muhogo?"

Madina alipiga magoti. Alisema kila kitu, mbele ya mwanamke ambaye hakutaka kamwe kumpa neno la kumshika nalo. Kwamba gunia lilikuwa na sumu ya mbegu. Kwamba yeye ndiye aliyelichagua, akalishona, akamlaza mtoto juu yake. Kwamba Haboba alikuwa na haki ya kumchukua, na amemwokoa. Haboba alisikiliza hadi mwisho. Hakufurahi kama mwenyewe alivyodhani atafurahi. Alimshika bega, akamwambia ainuke, mtoto ni wao wote wawili, na atarudi naye Arua akitaka.

Madina akapangusa uso, akauliza kama gunia lilichomwa.

Haboba alimshangaa. Achome gunia zima la pamba? Kwake sumu ilikuwa ya kumdhuru mwenye kulilalia, na hakuna aliyelilalia tena. Akamwongoza nyuma ya jiko. Pale juani kitandiko kilikuwa kimetandazwa, kamba zake nne zimefungwa kwenye vigingi kisipeperushwe, na juu yake unga wa muhogo, bado mbichi, ukikauka. Haboba alieleza kwa fahari iliyotaka kuwa zawadi kwamba gunia lile halina mfano. Unga mwingine wote wa kijiji umeingiwa na fukusi, wake haujaguswa. Pembeni, palipokuwa na unyevu, unga ulikuwa umeingia rangi ya waridi kidogo.

Madina aliuliza kwa sauti ndogo kama unga huu umeshapikwa.

"Ile ya zamani iliisha jana," alisema Haboba. "Hii tumeanza leo. Sule alikula bakuli mbili saa sita, akalia anataka ingine. Hata mimi nilikula."

Madina alimtazama mwanawe mikononi. Alikuwa bado anacheka, na mdomo wake ulikuwa na uji uliokauka. Akamwambia Haboba amwage unga wote, asile, asimpe mtu, naye amfuate hospitali upesi. Kisha akaanza kukimbia naye kuelekea barabara ya Arua, kutafuta gari.