Betri Iliyoanikwa Juani

Kila magharibi, akishaswali, Buya aliwasha tochi yake mara mbili kuelekea ng'ambo ya mto. Maana yake: bado nipo. Kule ng'ambo bintiye Hanan alijibu mara mbili. Ndiyo mazungumzo pekee aliyobaki nayo mzee huyu tangu mafuriko ya El Nino yachukue mtumbwi wake na barabara ya Garsen. Majirani wote walihamia Minjila. Yeye alikataa katakata kuliacha kaburi la mkewe Tuneya. Kichwa chake kilikuwa kigumu tangu ujana.

Tochi yenyewe ilikuwa ndogo, ya kutia mfukoni. Abdirizak, fundi redio wa Garsen, aliipachika betri ya lithiamu aliyoitoa kwenye kamera mbovu ya video.

"Hii ni ya kuchaji, mzee wangu," alimwambia. "Usiitie maji, usiitie moto. Ikiisha, niletee mimi tu."

Ya jua hakuyasema. Nani angeyawaza?

Betri ilipofifia, Garsen haikufikika. Buya akafanya alivyofanya miaka yote na betri za redio: akaianika juu ya bati asubuhi ipate nguvu kidogo. Tena akajiona mjanja! Alasiri aliikuta imetuna kichwa, inanuka kama rangi mbichi. Akaipachika, akabonyeza. Wapi!

"Mjinga weye, Buya," akajiambia.

Magharibi, mwanga wa Hanan ukawaka mara mbili. Ukangoja. Ukawaka tena. Buya akaita hadi koo likamkauka, lakini maji yalivuma kuliko sauti yake. Alimjua mwanawe: asipojibiwa angejitosa mtoni kumtafuta, mamba wawepo wasiwepo. Hofu ikamshika.

Kiberiti alikuwa nacho. Kuni zimelowa maji ya mafuriko, mafuta ya taa yameisha. Kitu kikavu kilikuwa kimoja tu: mkeka wa Tuneya, ambao Buya aliutandika kitandani kila usiku kwa sababu bado ulinukia mafuta yake ya nywele.

Akauviringisha, akauwasha. Akauinua juu, akauficha nyuma ya ukuta, akauinua tena.

Ng'ambo mwanga ukajibu mara mbili, ukazimika.

Buya alilia waziwazi, hakuna wa kumwona. Kisha akaingia ndani, akajilaza juu ya kamba za kitanda.

"Tuneya," akasema, kama alivyosema kila usiku, "mtoto yu salama."

Akanyoosha mkono upande wa mkewe, akagusa kamba.