Kiuno cha Wifi

Fundi huyu walimwita Marinda, maana hakuna kitambaa kilichopita mikononi mwake kikatoka kimenyooka. Pazia alilitia marinda, foronya aliitia marinda, na wifi yake, mke wa mdogo wake, alikuwa akisema ipo siku atayatia hata kwenye kitambaa cha kufutia vyombo. Utani wa wawili hao haukujua likizo.

Wifi alikuwa mtu wa mwili. Mteja mwingine akija kushona sketi alizungushiwa lastiki kiunoni, ikapunguzwa kidogo ili ibane, ndipo ikakatwa. Wifi alikatiwa kwa mazoea, fundi mwenyewe akiangalia mtaani. "Hicho kiuno nakijua kuliko mwenye nacho," alijisifu.

Kwa hiyo wifi alipoleta kitambaa cha maua ya njano, akasema mumewe anayefanya kazi mbali anakuja kupumzika siku chache na yeye anataka sketi pana, Marinda hakujisumbua kumsimamisha. Alikata, akaunga, akapitisha lastiki kwa pini ndani ya upindo, akamwita ajaribu.

Wifi aliingia nyuma ya pazia, akavua dera lake, akaivaa. Alipoachia mikono, sketi ilimtoka kama maji ya ndoo.

"Wifi, umenishonea mimi au umeshonea pipa?"

"Nimemshonea mwenye kiuno. Wewe umemficha wapi?"

Wakacheka mpaka Marinda akajishikilia ukutani. Kisha akafungua pazia, akainama kuiokota sketi, na alipoinua macho akakutana na mifupa ya nyonga imetokeza chini ya shimizi. Akaacha kucheka.

"Unaumwa."

"Mtu akinenepa mnasema, akipungua mnasema."

"Mimi si jirani, wifi. Usinipe majibu ya dirishani."

Wifi akalivaa dera lake upesi, akakaa juu ya furushi la vipande. Chakula kilikuwa kinamkataa, alisema. Chini ya mbavu palikuwa na kitu kigumu, akilala kinamchoma. Hospitali hakwenda na hakuwa na mpango wa kwenda. Mama yake aliingia huko kwa miguu yake, akatoka amebebwa.

"Na mumeo?"

"Akijua ataacha kazi aje anikodolee macho. Utanishonea gauni, kitambaa kilichobaki kinatosha. Lile la uzi wa lastiki, kuanzia kifuani hadi kiunoni, na chini marinda ya kutosha. Linijaze."

"Nitashona. Kesho twende hospitali."

"Basi nipe kitambaa changu. Mafundi hawajaisha duniani."

Marinda alikishika kitambaa, wifi naye akakishika upande wa pili, wakavutana kidogo kama watoto. Aliyeachia ni wifi, maana mikono haikuwa na nguvu. Hilo ndilo lililomshinda Marinda. Akasema, "Nenda. Nitakuita."

Aliviringisha uzi wa lastiki kwenye bobini, kile kigurudumu cha uzi wa chini wa cherehani, kwa mkono, polepole, bila kuuvuta, kwa kuwa uzi uliochoka kwenye bobini hauna nguvu ya kukunja nguo. Juu akaweka uzi wa kawaida. Akapiga mstari, akapiga wa pili pembeni yake, na kila cherehani ilipopita kitambaa kikajikusanya kama paji la uso la mtu mwenye mawazo. Gauni la namna hii halimuulizi mtu habari zake: mnene linampokea, mwembamba linamfuata. Sehemu ya chini aliitia bitana na marinda juu ya marinda, hadi nguo ikataka kusimama peke yake. Ilikuwa nzuri. Aliona uzuri wake, akajichukia.

Mume akaja. Siku moja kabla hajarudi kazini, walikula pamoja mchana, wote watatu. Wifi amelivaa gauni, anazungusha kijiko kwenye sahani bila kukifikisha mdomoni.

"Dada, mkono wako una baraka," mume akasema. "Ona mke wangu alivyonawiri. Narudi kazini na moyo mweupe."

Marinda akaendelea kutafuna. Akinyamaza, huyu anaondoka kesho na gauni linaendelea na kazi yake, mpaka siku litakapokosa mtu wa kumshika. Akisema, wifi aliyemwamini hatacheka naye tena. Akamtazama wifi. Wifi akatikisa kichwa, kidogo tu.

"Mdogo wangu," Marinda akasema, "kuaga gani huko, kwa kusifia kwa mbali? Mshike mkeo kiunoni."

Mume akacheka, akavuta kiti, akampitishia mkewe mkono. Mkono ukazama kwenye marinda. Ukaendelea kuzama, yeye bado anatabasamu, ukimtafuta mtu alipoanzia. Ulipomfikia, ukasimama. Akaongeza wa pili, na viganja vyake vikakaribia kukutana.

Tabasamu likabaki usoni mwake bila mwenyewe.

"Tangu lini?" akauliza, kwa sauti ya chini.

Wifi hakumtazama yeye. Alimtazama Marinda, kavu, kama mtu anayemtazama muuzaji aliyempunja.

"Muulize dada yako," akasema. "Siku hizi ndiye msemaji wangu."

Mume hakuitoa mikono yake.

"Kesho siondoki," akasema.

Marinda akakusanya sahani. Jikoni alifungua bomba mpaka mwisho, akasimama hapo, maji yanamwagika bure.