Kano Lililooteshwa Maabara

Kano la goti la Mideva lilikatika akiruka wavuni, kwenye mechi ya voliboli katika uwanja wa mtaa wa Tena. Madaktari walilishona kwa kipande cha kano kilichotolewa pajani mwake, nacho kikakatika.

Daktari Wehliye akampa tumaini la mwisho, matibabu ambayo bado yalikuwa kwenye majaribio. Wangechukua chembe hai mwilini mwake, wazioteshe maabara juu ya nyuzi za hariri, kisha waziweke gotini. Hariri ingeyeyuka kidogo kidogo, kano jipya likishika nafasi yake.

"Na likikataa?" Mideva aliuliza.

"Tutalitoa. Huenda goti likawa baya kuliko sasa. Sitakuficha."

Mama yake, Rispa, hakulipenda jambo hilo. "Kitu kilichooteshwa kwenye chupa, kikishaingia ndani yako, nani atakiambia kikome?"

Mideva alikubali upasuaji, lakini swali hilo hakuweza kulisahau. Baada ya kurudi nyumbani, goti lilivimba na kuwa la moto. Alilifunika kwa leso mama yake asilione. Akilipapasa, alihisi kama nyuzi zinatambaa kuelekea pajani. Hakuthubutu kumwambia mtu.

Kaka yake, Griffins, alimkuta akitetemeka kitandani mchana wa jua kali. Akaifunua leso.

"Sista, hii si poa. Twende hosi."

"Watalitoa, Griffins."

"Na ukikaa hapa je? Wakate mguu?"

Akambeba mgongoni hadi kwenye teksi, wakaenda hospitali.

Daktari Wehliye alichoma sindano gotini, akavuta maji ya manjano na kuyapeleka kupimwa. Mideva alingoja akiutazama mlango.

"Hakuna vijidudu," daktari alisema aliporudi. "Mwili wako unagombana na hariri. Kuna dawa. Sasa niangalie kano lenyewe."

Akaushika mguu chini ya goti, akauvuta mbele. Mideva alikijua kipimo hicho. Kano lilipokuwa limekatika, mfupa uliteleza tu bila kizuizi. Alifumba macho. Mfupa ulisogea kidogo, ukakwama. Daktari akavuta tena, kwa nguvu zaidi.

"Limeshika," alisema. "Kwa leo. Mwezi ujao tutaangalia tena."

Mideva hakufurahi. Kwenye ngazi za kutokea alimshika Griffins bega, akasimama muda mrefu akiogopa kukanyaga kwa ule mguu.

"Polepole," Griffins alisema.

Akaushusha. Uliuma, lakini ulimbeba.