Pumzi ya Sehemu ya Tatu

Jumamosi, tarehe kumi na nne Machi. Mvua ilikuwa ikinyunya tangu alfajiri, ile mvua ya kinafiki inayomwacha mtu atoke nyumbani mkavu ili imkute katikati ya njia. Baridi ilipenya chini ya mlango. Mfamasia alimaliza sala zake, akavaa sweta, akachukua fidla yake na kupiga sehemu ya tatu, kama alivyoipiga kila asubuhi kabla ya kwenda kufungua duka la dawa.

Upande wa pili wa ukuta, mama yake alingoja mpaka sauti ya mwisho ikafifia, kisha akauliza swali lake la siku zote.

"Na wenzako hapo wanakujibu nini?"

"Hawajajibu bado, Mama."

"Hata leo? Basi hao ni mabubu."

Mfamasia hakucheka. Alipangusa nyuzi kwa kitambaa, akaifunga fidla kwenye sanduku lake, akasema moyoni: Ee Mungu, nimeomba mpaka naona haya kuomba. Nifungulie mlango leo, hata kama ni wa uani.

Kikundi chao kilikuwa cha watu wanne. Kaka yake, mpima ardhi mstaafu, alipiga fidla ya kwanza. Mke wa kaka, yaani wifi yake, mwalimu wa shule, alipiga viola, ambayo ni fidla iliyonenepa kidogo na sauti yake ni nzito. Daktari wa meno alipiga selo, ile kubwa inayokumbatiwa kwa magoti. Yeye alipiga fidla ya pili. Msimu huu walikuwa wakiadhimisha jubilei ya miaka thelathini, na mji mzima uliwajua kwa kipande kimoja kirefu cha muziki wa kale, chenye sehemu nne. Lakini mji mzima ulikuwa umesikia tatu tu.

Ilianza siku ya onyesho lao la kwanza. Sehemu ya pili ilipokuwa ikiishia, umeme ulikatika. Gizani hakuna aliyeweza kusoma nota. Kaka akavuta pumzi kwa pua na kuanza sehemu ya nne, ambayo wote waliijua kwa ghibu. Watu walisimama wakapiga makofi hadi taa zikawaka. Tangu hapo Kaka akashikilia kwamba sehemu ya tatu ina nuksi na kwamba baraka yao imo katika kuiruka. Jambo la bahati mbaya likageuka desturi, na desturi ikageuka sheria.

Ubaya ni kwamba sehemu ya tatu ndiyo pekee inayoanzwa na fidla ya pili. Huanza peke yake, polepole, kama mtu anayeuliza jambo zito, na wengine watatu hukaa kimya mpaka awape nafasi. Kila msimu mfamasia aliomba waipige. Kila msimu Kaka alijibu, "Tutaona, mdogo wangu." Na sasa alikuwa ametangaza kwamba baada ya onyesho la leo, la mwisho la jubilei, kikundi "kitapumzika." Alilitamka neno hilo kama mtu anayeteremsha vyuma vya duka. Isipokuwa leo, basi tena.

Mfamasia alifika kwenye ukumbi wa shule viatu vikilia maji. Kaka alikuwa juu ya ngazi akifunga bango.

"Vuta hapo chini, linakwenda kushoto," alisema. Sauti yake ilitoka kama ya mtu aliyejifunika blanketi.

"Shikamoo, Kaka."

"Marahaba. Vuta."

Bango lilikuwa na picha zao wote. Kaka alikuwa mbele, mkubwa kama mlango. Wifi na daktari walichungulia mabegani mwake. Pembeni kabisa alikuwepo mfamasia, na lile tundu la kupitishia kamba lilikuwa limetobolewa katikati ya paji la uso wake.

"Mmenitoboa kichwa."

"Nani atatazama pembeni huko?" Kaka akapiga chafya, ngazi ikatikisika.

"Una mafua."

"Ni vumbi la bango."

"Bango limetoka kiwandani jana!" alisema wifi, akiingia na rundo la fulana za jubilei. "Usiku kucha kanikoromea kama trekta. Wifi yangu, mpe dawa huyu ndugu yako, maana mimi nimechoka kumsikiliza."

Mfamasia alifungua mkoba. Chupa ya matone ilikuwemo. Huwa hatoki nyumbani bila dawa za mafua msimu wa mvua. Akampa.

"Weka matone puani sasa hivi. Mpaka alasiri utakuwa mzima."

"Dawa zako zinanilevya. Nitakunywa maji ya moto."

Alirudisha chupa mkobani. Kaka yake alikuwa amepima mashamba, barabara na viwanja vya watu maisha yake yote. Ubishi wake tu ndio uliomshinda kupima.

Msimu mzima ulikwenda hivyo hivyo. Jumamosi moja mazoezi yaliliwa na kuchagua rangi ya fulana. Nyingine ikaliwa na keki, kwamba iwe na umbo la fidla au la ukumbi. Nyingine ikaliwa na hotuba ya Kaka, aliyowasomea yote na kuwauliza ni wapi watu watapiga makofi. Kila walipofika kwenye muziki wenyewe, mtu alikuwa akitazama saa.

"Kaka," alisema walipokaa hatimaye, "leo tupige na ya tatu."

"Tutaona."

"Umeona tangu nywele zako zikiwa nyeusi. Hujachoka macho?"

Daktari wa meno alicheka mpaka selo ikaguna. "Dada, hilo jino lina mizizi mirefu."

"Tuanze," alisema Kaka.

Namna yao ya kuanza ilikuwa moja. Hawakuwa na mtu wa kusimama mbele na kijiti. Kaka huvuta pumzi kwa pua, kwa nguvu, na pumzi ikifika juu, wote hushusha upinde. Daktari hata hakuhitaji kumtazama. Alipiga macho yamefumbwa, akifuata pua ile kama mbuzi afuataye kengele.

Kaka akanyanyua fidla. Kabla hajawa tayari, makamasi yakamshuka, akayavuta. Selo ikaunguruma.

"Nani kaanza?" Kaka aliuliza.

"Si umevuta?"

"Nimevuta kamasi! Sikuvuta pumzi!"

"Kwenye masikio yangu ni kitu kimoja," alisema daktari.

Wakajaribu tena. Safari hii Kaka alivuta pumzi ya kweli, lakini pua iliziba nusu ya njia, na wakaingia mmoja mmoja kama wageni wa harusi. Mara ya tatu walifika katikati ya ukurasa. Kaka akavuta tena kamasi, na daktari, masikini wa Mungu, akaruka kurudi mwanzo.

"Fumbua macho, mtu wewe!"

"Nikifumbua naona vidole vyangu. Naogopa."

"Basi mwangalieni Kaka akitikisa kichwa," alisema mfamasia.

Kaka akatikisa kichwa. Chafya ikamjia hapo hapo, upinde ukaruka na kuangukia chini ya stendi ya nota. Wifi aliiweka viola yake magotini, akamtazama mumewe kama anavyomtazama mwanafunzi aliyekula kazi yake ya nyumbani.

"Mwache wifi avute. Pua yake ni nzima."

"Fidla ya pili haiongozi," alisema Kaka.

"Na fidla ya kwanza haipumui. Tufanyeje?"

Mfamasia aliomba mlango, hakudhani ungefunguliwa kwa makamasi. Tena aliona haya, kama kwamba yeye ndiye aliyemletea ndugu yake mafua. Akaitoa tena ile chupa, akamwekea juu ya stendi.

"Bado kuna wakati, Kaka. Tumia."

Kaka aliisukuma kwa ncha ya upinde. "Vuta hiyo pumzi, tumalize."

Mfamasia akavuta. Sehemu ya kwanza ikatoka nzima, imenyooka kama uzi. Ya pili ikafuata. Ilipokwisha hakungoja ruhusa ya mtu. Alivuta pumzi nyingine, ndogo, akaanza ya tatu.

Aliuliza lile swali lake la kila asubuhi. Na kwa mara ya kwanza, viola ikamjibu kutoka kushoto, chini chini. Nota zilikuwa mbele yao miaka yote, na hazikuwa ngumu. Ugumu wake ulikuwa kungoja tu. Selo nayo ikaja, nzito, taratibu, kama mzee anayekubali. Mfamasia alihisi upinde ukitaka kumponyoka. Kumbe walikuwa na la kujibu.

Kisha Kaka akaingia, kabla ya zamu yake.

Wakaacha. Wakaanza upya. Akaingia tena mapema, safari hii kwa sauti kubwa zaidi.

"Mnaona?" Kaka alipiga stendi. "Nuksi! Nimewaambia ina nuksi!"

"Nuksi ni wewe!" Mfamasia alijikuta amesimama. "Ngoja pumzi! Pumzi moja tu! Mimi nimeingoja ya kwako miaka thelathini, sikuwahi kukutangulia hata kwa unywele!"

Mvua ilisikika juu ya bati. Kaka alitazama nota zake, akakunja na kukunjua pembe ya ukurasa.

"Mimi nimezoea kufuatwa," alisema polepole. "Kufuata sikujifunza."

Lilikuwa neno la kweli, na kidogo lipoze hasira ya mfamasia. Lakini Kaka hakuliacha likae. Mara ile alikwisha simama, anatafuta mahali pa kuweka keki.

"Nitavuta pumzi ya onyesho zima," alisema mfamasia, akimfuata. "Lakini na ya tatu imo."

"Haya, haya. Imo."

"Niahidi."

"Mbona kama mtoto? Nimesema haya."

Mfamasia aliijua hiyo "haya, haya." Ilikuwa mtoto wa tumbo moja na "tutaona." Alitoka akaenda kusimama kwenye varanda, mikono imekunjwa, midomo ikitikisika. Wifi alipopita na fulana alidhani analia. Alikuwa akisali, na sala yenyewe haikuwa ya upole.

Saa tisa alasiri ukumbi ulijaa. Miavuli ilichuruzika kando ya ukuta. Mama yao aliketi mstari wa mbele, fimbo magotini, sikio lake zuri akiwa amelielekeza jukwaani. Kaka alitoa hotuba. Alishukuru kamati, alimshukuru mchapaji wa bango, alimshukuru hata fundi wa taa, kwa sababu ya lile giza la baraka. Watu walipiga makofi pale pale alipotabiri. Kisha akaketi, akapangusa pua.

Mfamasia akavuta pumzi, wakaanza. Walipiga vizuri; pengine hawakuwahi kupiga vizuri vile. Sehemu ya pili ilipofika mwisho, upinde wake ulibaki hewani. Ndipo aliposikia kurasa zikifunuliwa, nyingi kwa mkupuo mmoja.

"Ya nne," Kaka alinong'ona.

Mfamasia akashusha fidla, akailaza mapajani. Akaweka upinde juu yake.

"Vuta," alinong'ona Kaka.

"Sivuti."

"Watu wanatutazama!"

"Watazame. Hawajaja kulala."

Kaka alijaribu mwenyewe. Pua ikatoa mlio wa mlango mbovu. Daktari alishtuka, akainua upinde, akaurudisha. Viti vya plastiki vilianza kulia huku na huku. Mtu alikohoa.

"Lete ile dawa," alisema Kaka, jasho likimtoka.

"Ipo kwenye stendi yako tangu asubuhi. Inachukua nusu saa."

"Mke wangu, sema naye."

"Niseme naye nini?" wifi alinong'ona bila kugeuza shingo. "Mwenye pua ndiye mwenye kikundi."

"Mimi nangoja pua," alisema daktari, macho yamefumbwa. "Yoyote."

"Mdogo wangu," Kaka aliinama karibu, na sasa sauti yake haikuwa ya ukubwa tena. "Nikiharibu? Mbele ya watu wote hawa? Siku ya leo?"

"Ukiharibu tutaanza upya. Mungu ametusamehe makubwa kuliko hayo."

"Haya, haya. Tutapiga."

"Hiyo nimeisikia mara nyingi, Kaka. Waisikie na wengine."

Kutoka mstari wa mbele, fimbo ikagonga sakafu.

"Mnanong'ona nini huko juu?" aliuliza Mama, kwa sauti ya watu wasiosikia vizuri. "Kama ni maneno, semeni tusikie! Kama ni muziki, pigeni!"

Ukumbi ukaangua kicheko. Mfamasia hakucheka. Alimtazama kaka yake tu, mikono yake imetulia juu ya fidla.

Kaka akasimama. Alitafuta hotuba mfukoni, akakuta leso. Akapenga kamasi mbele ya mji mzima, akaikunja leso, akaikunja tena.

"Ndugu zangu," alisema, "kipande hiki kina sehemu nne. Ya tatu hamjaisikia, na mama yangu ameisikia robo tu, kupitia ukutani." Kisha akamgeukia mfamasia, na akasema kwa sauti iliyofika mpaka kwenye miavuli: "Mbele ya Mungu, mbele ya Mama, na mbele yenu nyote, naahidi: sehemu ya tatu anaianza mdogo wangu, na mimi nitakaa kimya mpaka anipe pumzi. Na nikimtangulia hata kwa unywele, Mama, nirushie hiyo fimbo."