Ndama Aliyefichwa Bondeni

Mpaka uzeeni, Bi Kazija wa Mgogoni hakuweza kuona umande asubuhi asimkumbuke Tunu, na akimkumbuka Tunu humkumbuka Mwanawema, machozi yakamlengalenga. Siku zile zilikuwa tamu, nani wa kuzirudisha! Ulikuwa mwaka hamsini na tisa. Mama yake alikuwa amefariki na kumwachia ng'ombe mmoja mkongwe, naye mkongwe alizaa mara moja tu akafa. Katika ng'ombe wote wa mama, akabaki ndama huyo, Tunu.

Mwanawema alikuwa shoga yake tangu utotoni, mwema wa moyo lakini mdomo hakuweza kuuzuia. Alipita siku moja, akamwona ndama akapiga kelele, "Lo, Kazija! Kanona huyu, utasema kapakwa mafuta!" Na mashallah, ya kukinga jicho baya, hakusema. Kazija alicheka usoni, ila roho ilimruka. Kesho yake alimhamisha Tunu bondeni, nyuma ya migomba, pasipopita jicho la mtu. Majani ya huko yalikuwa mabichi mwaka mzima. Kila alfajiri alimfunga kwenye kigingi kilekile, umande ungalipo, na alijiona mjanja kweli.

Miezi miwili haikwisha, Tunu akaacha kula. Hunusa majani, akageuza kichwa. Ndama wa rika lake walikwisha kuota pembe, yeye yuko palepale, manyoya yamemsimama, mgongo umechongoka, na chini ya taya umemning'inia uvimbe wa maji. Kazija alimvalisha hirizi, akamnywesha kombe, maji ya aya zilizooshwa sahanini, wapi! Basi siku moja kisimani, mbele ya wanawake wote, uvumilivu ukamwishia.

"Jicho lako, Mwanawema! Ndama wangu kaacha kula kwa jicho lako!"

Mwanawema alijitwika mtungi wake akaenda zake, na tangu siku ile akawa anazunguka njia ya mbali.

Wiki ile akapita bwana mifugo kutoka Chake Chake, Bwana Nassor. Alimfunua Tunu ukope, akakuta ndani kweupe kama karatasi.

"Bi Kazija, huyu ana minyoo ya tumbo. Myembamba kama uzi, inamnyonya damu. Hamu ya kula inamwisha, na hicho kidogo anachokula hakimjengi mwili. Mayai yanatoka na kinyesi, yanaanguliwa penye majimaji, vijinyoo vinapanda majani na umande, naye anavila tena. Nani aliyekwambia umfunge hapa?"

Kazija aliitazama migomba. Masikio yalimwaka kwa aibu.

Bwana Nassor alikoroga unga wa dawa, akammiminia ndama kooni kwa chupa. "Mkojo ukiwa mwekundu usishituke, ni dawa hiyo. Na mtoe huku. Mpeleke juu, pakavu, umande ukishakauka."

Pakavu palikuwa mahali pamoja tu: kiwanja cha Mwanawema, kando ya barabara.

Kazija alikwenda miguu mizito. Alimkuta shoga yake akimenya mihogo, akamwomba radhi, kisha akamweleza shida yake. Mwanawema aliendelea kumenya mpaka muhogo ukaisha.

"Mlete," akasema. "Lakini mie simtazami."

Na kweli hakumtazama. Kila akipita kiwanjani kwake mwenyewe alijifunika uso kwa kanga, akipapasa njia, siku moja nusura atumbukie shimo la taka. Watu walicheka. Kazija alicheka nao, kisha akaingia ndani akalia.

Uvimbe wa taya ulinywea. Tunu akaanza kung'ata majani, halafu kuvuta kamba, halafu kula hata vikuti vya paa la banda. Kimo tu ndicho hakikurudi. Miezi ile ya bondeni ilikwisha kukila.

Mwaka uliofuata, asubuhi moja, Kazija alimsimamisha Mwanawema kiwanjani, akamfunua kanga usoni.

"Mtazame, shoga yangu. N'nakuomba."

Mwanawema alimtazama Tunu kichwa hadi kwato, kwa muda mrefu.

"Mfupi!" akasema. Kisha akaushika mkono wa Kazija, haraka haraka, "Mashallah. Mashallah. Mashallah."