Huku Kwetu Hakuna Mbu

…na anacheka tena, mume wangu, anacheka pale kwenye kona ya uzio ambapo mtandao unashika, simu ameiweka spika ili mlima mzima usikie, "tunakuja wote, Vaileth, wote kabisa," na dada yake huko Dar anapiga vigelegele, na mimi hapa jikoni na kisu na ndizi za mtori, utomvu umenishika vidole vyote, wote kabisa, sawa, na huyu wa tumboni naye yumo katika hao wote au yeye anakwenda kama begi tu… Mungu wangu, Dar, Dar na lile joto lake, Dar na mbu wake, na aliyekubali ni mimi mwenyewe, si mwingine, nilikubali Jumapili baada ya ibada mbele ya mama mkwe, nikasema sawa, twende, tutafurahi, nikatabasamu mpaka mashavu yakaniuma, sasa nitasemaje leo kwamba sitaki, nitaanzia wapi, na Anneth ndiye huyo anapita mlangoni amevaa nguo ya kuogelea juu ya sweta, hee, mtoto, utapata kifua wewe, na hasikii, ana miaka saba huyu na tangu baba yake amwonyeshe kwenye simu ile sehemu ya michezo ya maji, lile bomba la bluu watu wanateleza kutoka juu mpaka chubwi, hajalala vizuri, anateleza kitandani, anateleza kwenye benchi la sebuleni, ameshawatangazia shule nzima, kashika nafasi nzuri darasani na aliahidiwa, na ahadi ya mtoto si kitu cha kuchezea, najua, najua, nani asiyejua, lakini nani anamwahidi huyu mwingine kwamba atazaliwa…

"Joto siyo shida," Vaileth anasema kwenye simu, "mwambie wifi tuna kiyoyozi chumbani, mbu wanakufa wenyewe," na mume wangu anacheka, nisikilizeni nyie, mbu wanakufa wenyewe, labda wanaandika na barua ya kuaga, na chandarua changu mimi kiko wapi, kile nilichopewa kliniki kikiwa kipya ndani ya mfuko wake, kiko nyuma ya nyumba kimefunika kitalu cha kabichi ili kuku wasichakure miche, kimejaa matope na matundu, na si mimi peke yangu, pita Olmotonyi yote uone, vyandarua vimelala juu ya mboga kama mashuka ya wagonjwa, maana huku kwetu hakuna mbu, ndivyo tunavyosema, na tunavyojivuna sasa, kana kwamba huu mlima tuliujenga sisi, kana kwamba baridi ya Meru ni mali ya ukoo, huku kwetu hakuna mbu… Yule nesi Siwema, mama wa Tanga yule, nilimwuliza kwa kuzungukazunguka, nikasema eti nesi, kuna jirani yangu mjamzito anataka kusafiri Dar, akalitazama tumbo langu, akanitazama usoni, akasema, mwambie huyo jirani yako watu wa mlimani damu yenu haijaizoea malaria, na ikimpata mjamzito inaingia mpaka kwenye kondo la nyuma, kwa hiyo vidonge vya kliniki asiache, alale ndani ya chandarua, na akisikia homa, akiwa huko au akisharudi, apimwe siku hiyohiyo, asingoje kesho, halafu nikadhani amemaliza, akasema, na kuna dengue pia, mwambie, yule mbu wake anauma mchana, anazaa kwenye maji yaliyotuama, kwenye makopo, kwenye matairi, kwenye vyungu vya maua… mchana! nikarudi nyumbani na hilo neno moja tu, mchana, sasa mchana nitavaa chandarua nikae nacho pembeni ya bwawa kama bibi harusi huku Anneth anateleza, mama nitazame, mama nitazame, nami nakagua vyungu vya maua vya watu…

Safari ile nyingine ilikuwa hivihivi tu, vicheko vilevile, harusi ya huyuhuyu Vaileth mwaka juzi, tumbo langu lilikuwa la miezi mitano, nilicheza, nilikula wali, niling'atwa miguu yote nikawa najikuna huku nacheka, wakasema mbu wa Dar wamependa damu ya mgeni, wakacheka na mimi nikacheka, tukarudi, zikapita siku, nikiwa shambani nikaanza kutetemeka, na mama mkwe akasema ni baridi, umetoka kwenye joto umeingia kwenye baridi, mwili umeshtuka, akanifunika mablanketi, akanichemshia maziwa na tangawizi, kwa upendo, siwezi kusema uongo, kwa upendo kabisa, akaja jirani Naisiae akanigusa paji akasema baridi hii, na mume wangu akasema baridi, na mimi meno yakigongana nikasema baridi, maana nani huku juu anapima malaria, mtu akitetemeka huku ni baridi, unamwongezea blanketi, basi, na waliponiteremsha hospitali mjini daktari akatazama kipimo akasema malaria, akasema mbona mmechelewa hivi jamani, na mtoto alikuwa ameshanyamaza, wa kiume, nilimwona, walitaka nisimwone nikamwona… Hakuna aliyekaa msiba, mtoto wa tumboni hakaliwi msiba, mapenzi ya Mungu, wakasema, na ukishaambiwa mapenzi ya Mungu umefungwa mdomo, utabishana na nani, na mume wangu kesho yake akachukua panga akaenda kwenye migomba, akarudi, akala, akalala, na mpaka leo hajamtaja, hata mara moja, hata kwa kuteleza ulimi, nami nilimchukia kwa hilo, nasema wazi, kuna siku nilimtazama anavyotafuna nikamchukia, nikajiuliza huyu mwanamume ana moyo au ana jiwe, na sasa amesahau kabisa, anacheka na simu, anatupeleka palepale, nyumba ileile…

Nyamaza, anakuja huku. Ametoa spika. Amezunguka nyuma ya jiko, anadhani niko nje kwa Anneth, na hizi mbao za jiko letu zina nafasi hata paka anapita, namwona shati, sauti yake imeshuka, nini tena, siri gani na dada yake… "Vaileth, nikuulize kitu, hospitali ya karibu na hapo kwenu ni ipi… hapana, nauliza tu… wanapima malaria hata usiku?… hata Jumapili?… na gari je, mtu akizidiwa gari linapatikana haraka?… usimwambie mama Anneth kama nimeuliza, tafadhali…" kisu kimesimama kwenye ndizi, "…sijalala vizuri tangu Jumapili, Vaileth, nakwambia ukweli, mama ndiye aliyesema nimtoe mke wangu kidogo, anawaza sana, basi nikasema Dar, nikijua kabisa atakataa, nilitegemea akatae, akakubali, tena kwa furaha, ningefanyaje, nimnyime furaha?… yule mtoto namwota, Vaileth, namwona yuko kwenye yale mablanketi tuliyomfunika mama yake…"

Kumbe. Kumbe, baba Anneth. Kumbe siku zote hizi uko na mimi humu ndani na mimi sijui, unalala upande wako macho wazi nami upande wangu macho wazi, tumepeana migongo kwa heshima, ulitegemea nikatae, jamani, nami nilikubali kwa ajili yako, nilidhani ndiyo furaha yako, nikasema huyu mwanamume amechoka kuishi na uso wangu wa huzuni acha nimpe safari yake, na mama mkwe naye kasema kwa ajili yangu, nani basi anayeitaka hii safari, ni Anneth tu na bomba lake la bluu, sisi wengine tunasindikizana kwenye kitu tunachokiogopa wote, kila mmoja anamwonea mwenzake haya, na katika haya zetu hizi tungepanda gari tukaenda, tungeenda kweli, tungekaa pale tunatabasamu na mbu anauma… natetemeka, na hii si baridi, wala msiniletee blanketi, ni hasira, au ni kilio, sijui, nataka kumpiga, nataka kumshika kichwa nikiweke hapa tumboni, ulimwota, mbona hukuniambia, ningekuuliza alikuwa na uso gani… na Anneth atalia, alie, nitamfuta machozi, kuna bwawa la kuogelea hapahapa mjini, halina bomba, basi halina, alie siku tatu, nitamfuta siku tatu, lakini sasa hivi mtu mmoja lazima aseme, na si huyu, huyu hataweza, ndiyo huyo anarudi upande wa mbele, ameshaivaa sauti yake ya kucheka, amerudisha spika, "mama Anneth?" anamjibu Vaileth kwa nguvu, "hana wasiwasi hata kidogo, yeye ndiye anayeisubiri hii safari kuliko sisi wote," na mimi nimefika mlangoni, sijui miguu imenileta saa ngapi, na ninamwita kwa jina lake, jina ambalo sijamwita tangu Anneth azaliwe, Elisaria, nasema, Elisaria, naogopa, na kicheko kinamwishia mdomoni, na Vaileth anaita kwenye simu, haloo, kaka, haloo, unanisikia…