Doa Katikati

"Imepotea," alisema Profesa, na kila aliyekuwa chumbani akajua ni nini kilichopotea.

Kwenye skrini, pale ambapo tangu juzi palikuwa na nukta moja ya mwanga, sasa palikuwa peusi. Nukta ile ilikuwa ioni: chembe moja tu ya chuma iliyonyang'anywa elektroni, ikaning'inizwa kwa umeme ndani ya chombo kilichonyonywa hewa yote. Leza zikaituliza, leza nyingine ikafuata mtetemo wake, na kwa mtetemo huo saa yao ilikata sekunde kwa usahihi ambao saa ya ukutani haiwezi hata kuuota. Asubuhi umeme uliyumba kidogo. Sasa saa ilikuwa meza kubwa ya vioo na nyaya, basi. Na wakaguzi walikuwa njiani.

"Fundi Mwanga, tukamatie nyingine," alisema Profesa.

Jina hilo alibandikwa na shemeji yake, mdogo wa mkewe, fundi umeme wa maabara hiyo hiyo. "Dada yangu kaolewa na mwanga anayewanga mchana kweupe," alipenda kuwachekesha watu. Na kweli mikono ya Fundi ilikuwa na uchawi wake. Aligusa skrubu ya kioo kama mtu anayempapasa mtoto aliyelala, na mwale ukatii.

Hiyo ilikuwa zamani. Leza ya mapigo, ile inayokipiga kipande cha chuma ili kitoe chembe, siku moja ilimrudishia pigo kutoka kwenye kioo alichokiinamia bila miwani ya kinga. Hakuona kitu, maana mwale wake hauonekani. Alisikia tu "tap" ndani ya jicho la kulia, kisha doa likakaa katikati ya kila alichokitazama. La kushoto lilikuwa bovu tangu utotoni. Hakumwambia mtu. Fundi wa leza asiyeona ataajiriwa na nani? Akajifunza kuviona vitu kwa pembeni.

"Mbona siku hizi unanitazama upande upande kama kuku?" mkewe alimtania. Alicheka naye.

Sasa shemeji aliinama juu ya meza. "Kibanio cha kioo hiki kimelegea. Skrubu yenyewe ndogo kama kiroboto, na kwa miwani hii ya kijani sioni hata pua yangu. Shemeji, kizuizi cha mwale kimefungwa? Nivue?"

Juu ya leza kulikuwa na taa ndogo. Ikiwaka nyekundu, kizuizi kiko wazi na pigo linaweza kutoka wakati wowote. Fundi aliitazama moja kwa moja, hakuona wekundu wowote. Alijua ilimpasa ageuze kichwa, aitafute kwa pembe ya jicho. Lakini Profesa alikuwa amesimama begani kwake, akimwangalia.

"Kimefungwa," alisema. "Vua."

Shemeji akavua, akabana, kioo kikakaa sawa.

Tik, ilisema leza.

"Tumeipata!" Profesa alipiga makofi. Nukta ilikuwa imerudi kwenye skrini, imetulia tuli. "Fundi Mwanga, mikono yako hii..."

Hakumaliza. Shemeji alikuwa ameketi sakafuni, bisibisi bado mkononi, akifumba jicho moja na kulifumbua, akifumba na kufumbua.

Kwenye kliniki ya macho waliketi kwenye benchi, chini ya feni iliyokwaruza. Daktari alikwishampima shemeji na kumwambia asubiri picha za jicho.

"Nitawaambia wakaguzi nilivua mwenyewe," alisema shemeji. "Wewe ukifukuzwa, dada atakula nini, vioo?"

Fundi aliitafuta feni kwa pembe ya jicho.

"Ila ni jambo la ajabu. Nikiutazama ule mlango..."

"Mlango haupo," alisema Fundi. "Zimebaki kingo zake. Ukihamisha jicho, shimo nalo linahama."

"Eh, hivyo hivyo! Na nikifumba..."

"Linakuwa la njano. Leo utalala ukidhani kesho litakuwa limeondoka."

Shemeji alishusha kiganja polepole kutoka usoni. "Umejuaje?"

Fundi aligusa kope ya jicho lake la kulia.

"Tangu lini, shemeji?"

"Kabla ya mvua."

"Kwa hiyo ile taa hukuiona."

"Sikuiona."

"Na ukaniambia nivue."

"Nikakuambia uvue."

Fundi alisubiri tusi. Angalau tusi angelishika, angelibeba. Halikuja. Shemeji alisogea mpaka mwisho wa benchi, akaacha nafasi ya watu wawili kati yao. Simu yake ikaita. "Ndiyo, dada," alisema. "Umeshafika getini? Tuko huku kliniki ya macho. Njoo. Hapana... siyo mimi peke yangu."

Daktari alichungulia mlangoni. "Kuna mwingine?"

"Huyu," alisema shemeji bila kugeuka.

Fundi aliingia, akaketishwa, jicho la kushoto likafunikwa. Ubao wa herufi ulikuwa mbele yake. Aliona fremu yake ya mbao, aliona msumari ulioushikilia, aliona rangi ya ukuta ikibambuka kwenye kona. Nje, kwenye korido, ndara za mkewe zilikuwa zikija mbio.

"Soma," alisema daktari kwa upole. "Anza na yoyote unayoiona."